SAA ILIYOKOSA WANUNUZI, IKAUZWA KWA MAMILIONI

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ndiyo ngao ya kila mchuuzi ambaye bidhaa yake yatoka upesi, na ndiyo fimbo ya kumchapia yule ambaye bidhaa yake imelala dukani ikishika vumbi. Hatusemi kwamba wahenga walikosea. Hata hivyo, ipo saa moja ya mkono iliyoitia methali hiyo katika mtihani mkubwa. Ilipotoka kiwandani katika miaka ya 1960, saa hiyo haikujiuza hata kidogo. Wenye maduka waliiweka kiooni, wakaitoa, wakairudisha sarakani. Na wateja waliitazama kwa jicho la dharau, kisha wakanunua nyingine. Leo watu wenye mali, wa pande zote za dunia, wanaisaka saa hiyo hiyo kama wapiga mbizi wanavyoisaka lulu.

Tarehe 26 Oktoba 2017, katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini New York, saa moja ya namna hiyo ilinadiwa mbele ya ukumbi uliojaa watu pomoni. Ilikuwa ni Rolex ya chuma cha pua, wala si ya dhahabu. Haikuwa na almasi wala yakuti. Ilikuwa imevaliwa kwa miaka mingi, na dalili za kuvaliwa zilikuwa dhahiri mwilini mwake. Waliotayarisha mnada walikuwa wametangaza tu kwamba wanatarajia bei ipite dola milioni moja. Dalali, Aurel Bacs, alipofungua mnada, mtu mmoja aliyekuwa kwenye simu alitaja papo hapo dola milioni kumi. Ukumbi mzima ukaguta. Mashindano yakaendelea kwa muda wa dakika kumi na mbili, hata nyundo ikagongwa kwa dola milioni 15.5. Pamoja na ada ya mnada, mnunuzi alitakiwa kulipa dola 17,752,500. Hadi siku ile haikuwa imepata kuuzwa mnadani saa ya mkono kwa bei kama hiyo.

Ndugu msomaji bila shaka atauliza: je, watu hawa wana akili timamu? Kitu gani kimo ndani ya kijisanduku cha chuma, kipana kiasi cha milimita 37 tu, kinachoweza kulipiwa fedha ambazo zingejenga shule kadhaa zikatosha na kubaki? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kucheka. Hapana budi tuitazame saa yenyewe, kisha tuyatazame maisha yake.

UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Kampuni ya Rolex ilianzishwa mjini London mwaka 1905 na Hans Wilsdorf, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikahamishia makao yake Geneva, katika nchi ya Uswisi. Mwaka 1963 kampuni hiyo ilitoa saa mpya iliyoitwa Cosmograph, yenye namba ya kiwanda 6239. Kabla ya hapo, mwaka 1962, Rolex ilikuwa imekubaliwa kuwa mpima muda rasmi wa kiwanja cha mbio za magari cha Daytona, katika jimbo la Florida, Marekani. Na haukupita muda mrefu jina la Daytona likaandikwa juu ya uso wa saa hiyo, likaigandama hata leo.

Saa hiyo iliundwa kwa ajili ya waendeshaji wa magari ya mashindano. Mbali na kuonyesha wakati kama saa nyingine, inaweza kupima muda wa tukio. Ubavuni mwake, juu na chini ya kile kichwa cha kutilia ufunguo, mna vitufe viwili. Ukibonyeza kitufe cha juu, akrabu ndefu ya katikati huanza kukimbia; ukikibonyeza tena husimama; na ukibonyeza cha chini, akrabu hurudi mahali pake pa mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea. Usoni mna maduara matatu madogo: moja linahesabu dakika hadi thelathini, moja saa hadi kumi na mbili, na la tatu linahesabu sekunde za kawaida za kutwa kucha. Kuuzunguka uso, juu ya pete ya chuma, zimechongwa tarakimu za kupimia mwendo. Gari likimaliza maili moja kwa sekunde 30, akrabu husimama penye 120, yaani mwendo wa maili 120 kwa saa. Dereva hana haja ya kalamu wala karatasi.

Yote hayo hutendwa bila betri. Ndani ya saa mna kamani ya chuma iliyozongwazongwa, ambayo mwenyewe huikaza kila siku kwa vidole vyake, na nguvu ya kamani hiyo huteremka taratibu kupitia magurudumu yenye meno, mengine madogo kuliko punje ya mtama, hata kufikia gurudumu linalopiga mapigo 18,000 kila saa moja, yaani mapigo matano kwa kila sekunde. Mtambo huo ulibuniwa na kiwanda cha Valjoux cha huko huko Uswisi, na Rolex ikaurekebisha kwa matumizi yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini ustadi huo peke yake hauelezi bei ya New York. Viwanda vingine vilitumia mtambo wa jamii hiyo hiyo, na saa zao zinapatikana leo kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Hata miongoni mwa saa za Rolex zenye namba 6239, nyingi hazifikii bei ya ile tunayoisimulia. Tofauti iko usoni. Baadhi ya saa hizo zilitiwa uso wa namna ya pekee: maduara madogo yenye rangi inayopingana na rangi ya uso, tarakimu zake zimeandikwa kwa mtindo wa mapambo ya kale, na vistari vyake vimemalizikia kwa vijiraba vidogo. Ilikuwa ni nakshi ya kuchangamsha macho, nayo ikawachangamsha wateja wakakimbia.

BIDHAA ILIYOLALA

Kwa nini ilikataliwa? Wakati ule mtu aliyenunua saa ya thamani alitaka uso mtulivu unaolingana na suti yake. Huu ulionekana kuwa wa mzaha. Tena, ilikuwa ni saa ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na huko nje zama zilikuwa zinageuka. Mwaka 1969 zilitoka saa za kwanza za kupima mbio zinazojikaza zenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Na tarehe 25 Desemba mwaka huo huo, mjini Tokyo, kampuni ya Seiko iliuza saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi, inayoongozwa na kijiwe kinachotetema kwa nguvu ya betri, ambayo kwa usahihi iliipita mbali saa yoyote ya kamani.

Dhoruba iliyofuata iliikumba Uswisi nzima. Viwanda ambavyo vilirithishwa kutoka baba hadi mwana vilifungwa kimoja baada ya kingine. Wafanyakazi wa saa, ambao mwaka 1970 walikuwa takriban 90,000, walipungua katika miaka ya 1980 hata wakabaki kiasi cha theluthi moja tu. Watu waliambiwa kwamba saa ya kamani imekwisha, kama vile ngalawa ilivyoambiwa kuwa imekwisha ilipofika meli ya moshi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini ni nani katika siku zile angeyakumbuka maneno hayo, ilhali saa ya betri ilikuwa rahisi kwa bei, nyepesi mkononi, na haikosei?

Kumbe ilikuwamo siri ndani ya msiba huo. Kwa kuwa haikutakiwa, saa ile yenye uso wa nakshi ilitengenezwa chache. Kwa kuwa ilikuwa chache, siku ilipotakiwa haikupatikana. Katika miaka ya 1980 wakusanyaji wa saa, hususan Waitalia, walianza kuitafuta. Wao ndio wanaotajwa kuwa waliibandika jina jipya: wakaiita Paul Newman, kwa kuwa mchezaji filamu huyo mashuhuri wa Marekani alionekana pichani mara nyingi ameivaa. Mwaka 1988 Rolex ikatoa Daytona mpya inayojikaza yenyewe, watu wakaigombea, na walioikosa mpya wakageukia zile kuukuu. Bidhaa iliyolala ikaamka.

ZAWADI YA MKE KWA MUME

Hapa ndipo kisa chetu kinapoacha mambo ya chuma na kuingia mambo ya watu. Paul Newman alizaliwa mwaka 1925. Mkewe, Joanne Woodward, alikuwa naye mchezaji filamu wa sifa kubwa. Mwaka 1969 ilitoka filamu ya mbio za magari iitwayo Winning, ambayo wote wawili waliigiza. Na katika kuitengeneza, Newman alijifunza kuendesha magari ya mashindano, akaingiwa na mapenzi ya mchezo huo yasiyomtoka hadi uzeeni. Hayakuwa mapenzi ya kuigiza. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 54, yeye na wenzake walishika nafasi ya pili katika mashindano ya saa ishirini na nne ya Le Mans, nchini Ufaransa.

Mke aliyaona mapenzi hayo, na pamoja na kuyaona aliiona hatari yake. Alikwenda New York, yasemekana katika duka la Tiffany, akamnunulia mumewe saa ya kupimia mbio: ile ile yenye uso wa nakshi ambayo wengine waliikataa. Bei yake inatajwa kuwa kiasi cha dola 300. Kabla ya kumkabidhi, aliichongesha maneno mgongoni, upande ule unaogusa ngozi na kufichika machoni pa watu. Kwa Kiswahili maneno hayo yangekuwa hivi: “Endesha kwa uangalifu. Mimi.”

Msomaji na apime maneno hayo. Hayana jina wala tarehe, wala hayana majisifu. Mke hakumkataza mume kufanya analolipenda, wala hakujifanya hana wasiwasi. Aliyesema “Mimi” alijua kwamba msomaji wake ni mmoja tu duniani, na kwamba huyo hahitaji kuambiwa ni nani anayemsemesha. Hayakuandikwa kwa ajili ya mnada. Yaliandikwa ili yakae kati ya chuma na kifundo cha mkono wa mtu apendwaye.

Newman aliivaa saa hiyo kwa miaka mingi, akiitia ufunguo kila siku. Kisha, katika kiangazi cha mwaka 1984, nyumbani kwake Connecticut, kijana mmoja aliyekuwa mchumba wa binti yake Nell alikuwa akitengeneza kibanda cha watoto cha juu ya mti. Newman akamwuliza ni saa ngapi. Kijana akajibu kwamba hajui, kwa maana hana saa. Basi mzee akampa ya kwake, akamweleza kwamba akikumbuka kuitia ufunguo kila siku, itamwonyesha wakati vizuri. Hapakuwa na hotuba, wala karatasi ya kutiwa sahihi, wala shahidi. Kijana asiye na saa alipewa saa.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu anaweza kusema kwamba Newman alikuwa tajiri, na tajiri hupoteza nini akitoa saa moja? Lakini wapo matajiri wengi wasiotoa hata shikio la kikombe. Huyu, mwaka 1982, alianzisha kampuni ya vyakula, na faida yake yote akaitoa kwa ajili ya hisani; desturi hiyo imeendelea hata baada ya kifo chake kilichotokea Septemba 2008. Aliyempa kijana saa ndiye aliyetoa na faida ya kampuni, na mkono ulikuwa mmoja.

Kijana yule aliivaa saa kama saa. Uchumba baadaye ulivunjika, ila urafiki haukuvunjika. Na ilipofika mwaka 2017 akaamua kuiuza, sehemu ya fedha ikaelekezwa kwenye mfuko wa hisani wenye jina la Nell na ule ulioanzishwa na Newman mwenyewe. Hivyo zawadi iliyotolewa chini ya mti ikazaa zawadi nyingine.

SAA ZA WAFALME NA MASULTANI

Isidhaniwe kwamba habari hizi ni za Marekani pekee. Saa za namna hii zimepita karibu na kwetu pia, zikiwa zimebeba visa vyao, vya furaha na vya majonzi.

Sultani Qaboos bin Said, aliyeitawala Oman tangu mwaka 1970 hadi alipofariki Januari 2020, alikuwa na desturi ya kutunuku saa. Aliagiza saa za Rolex, zikiwamo za Daytona, nyingine kwa kupitia duka la Asprey la London, nazo zikachorwa jambia la Oman, alama ya dola yake, ama usoni ama mgongoni. Watu wa pwani yetu, ambao wengi wana ndugu Maskati, wanaijua vyema alama hiyo. Saa hizo zilitolewa kwa waliomtumikia, wakiwamo maofisa wa Kiingereza. Leo jambia moja dogo juu ya uso wa saa huizidishia bei mara nyingi, maana linathibitisha kwamba ilitoka katika mkono wa mfalme na si katika sanduku la mwuza duka.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya mnada ya Christie's ilitangaza mjini Geneva kwamba ingeuza saa ya dhahabu ya Patek Philippe iliyokuwa mali ya Haile Selassie, Mfalme wa Ethiopia aliyepinduliwa mwaka 1974. Kabla ya kunadiwa, jamaa za Mfalme walitokea na kuhoji ni kwa njia gani saa hiyo iliwatoka wenyewe. Ikaondolewa mnadani. Ilirudi mwaka 2017, ikauzwa kwa karibu faranga milioni 2.9 za Uswisi.

Tazama basi tofauti ya saa hizi. Ile ya Newman kila hatua yake yajulikana: mke alimpa mume, mume akampa kijana, kijana akauza. Ile ya Mfalme ilipita katika mapinduzi, na mapinduzi hayatoi stakabadhi. Zote mbili zilipata bei kwa sababu ya historia ya watu waliozivaa. Lakini historia hiyo ikiwa na pengo, bei huwa na swali ndani yake. Hapo ndipo wakusanyaji hodari wanapopaona kuliko wengine: wao huuliza kwanza saa imetoka wapi, na kwa mkono wa nani, ndipo waulize inakwendaje.

Wana sababu ya kuuliza. Kwa kuwa saa ya Paul Newman yatofautiana na dada zake kwa uso tu, wajanja waligundua mapema kwamba ukitoa uso wa kawaida na kutia wa nakshi, bei hupanda kama moto wa makuti. Wengine walichapa nyuso za bandia. Ndiyo maana mkusanyaji huichunguza saa kwa kioo cha kukuza, akatazama umbo la kila herufi, na namba zilizochongwa ubavuni, na rangi ya alama ambazo kwa uzee zimegeuka hudhurungi. Saa iliyosuguliwa ikang'aa kama mpya humtia shaka. Iliyochakaa kwa haki humpendeza. Katika soko hili, mkunjo wa uzee ni cheti cha kuzaliwa.

SAA YASOMWA NA MWENYEWE

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo jambo la kuchangia katika mazungumzo haya. Saa ile ile ya Uswisi, akrabu yake fupi ikielekea tarakimu ya moja, Mwingereza husema ni saa moja, nasi twasema ni saa saba, kwa kuwa tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, kama ilivyo akili ya kawaida ya mtu anayeamka na kufanya kazi. Mtambo haukubadilika, wala akrabu haikusogea. Aliyebadilika ni msomaji. Tangu utoto tumezoea kutazama tarakimu moja na kusoma nyingine, wala hatujichanganyi.

Basi na thamani ya saa husomwa hivyo hivyo. Mwenye duka wa mwaka 1968 aliisoma Daytona ile kuwa bidhaa iliyododa. Joanne Woodward aliisoma kuwa njia ya kumwambia mumewe arudi salama. Mumewe, baada ya kuivaa miaka mingi, aliisoma kuwa kifaa ambacho kijana aliyekuwa juu ya mti alikihitaji kuliko yeye. Mnunuzi wa New York aliisoma kuwa hazina ya dola milioni 17. Saa ilikuwa ni ile ile, ikipiga mapigo yale yale matano kwa sekunde.

Nani aliisoma sawasawa? Sisi hatuna ugomvi na wakusanyaji. Bila wao, saa nyingi za zama zile zingeyeyushwa au kutupwa, na ufundi wa kuzitengeneza ungezikwa pamoja na mafundi. Wala hatusemi kwamba fedha zilipotea, maana sehemu yake ilikwenda kwa wahitaji. Lakini twasema kwamba aliyelipa alilipia kitu ambacho hakiuzwi. Alinunua chuma, na uso wa nakshi, na maneno yaliyochongwa. Lakini yule “Mimi” hakuwa akisema naye. Maneno yale yalikuwa na msomaji mmoja, naye alikwisha kuondoka duniani. Mnunuzi anaweza kuyasoma kama mtu asomavyo barua ya wengine.

Na rekodi nayo haikudumu. Novemba 2019, huko Geneva, saa ya Patek Philippe iliyotengenezwa maalumu kwa mnada wa hisani iliuzwa kwa faranga milioni 31, ikaipita ile ya Newman mbali sana. Hata saa nyingine ya Newman mwenyewe, ambayo mkewe alimpa baadaye na kuichongesha maneno ya kumsihi aendeshe polepole, iliuzwa Desemba 2020 kwa dola 5,475,000, chini ya theluthi moja ya bei ya dada yake. Je, upendo wa mke ulikuwa umepungua kwa theluthi mbili? La hasha! Bei hupanda na kushuka kwa sababu zake. Upendo hauna dalali.

YALIYOMO SARAKANI MWETU

Tumeisimulia saa hii kwa kirefu kwa sababu mambo haya si ya matajiri peke yao. Katika nyumba nyingi za miji na vijiji vyetu, ndani ya saraka au chini ya nguo katika sanduku la bibi, imo saa iliyosimama. Pengine ni ya babu aliyefanya kazi katika reli, au ya mama aliyefundisha shule, au ya baba aliyeinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Haiendi. Vijana hawaitaki, kwa kuwa simu zao huonyesha wakati. Siku moja atapita mnunuzi wa vyuma chakavu, au mjuaji mwenye maneno matamu, na saa itaondoka kwa bei ya soda mbili.

Hatumwahidi mtu yeyote mamilioni, wala asije mtu akatupekulia nyumba usiku kucha akitafuta Daytona. Saa nyingi kati ya hizo, zikipelekwa sokoni, hazitaleta fedha za kutajwa. Lakini bado wapo mafundi saa, wazee wanaokaa barazani na kile kioo chao jichoni, wawezao kuifungua saa ya kamani, kuisafisha na kuifufua. Idadi yao inapungua, na vijana wanaojifunza kazi hiyo ni wachache. Mwenye saa na aipeleke kwa fundi angali yupo. Na amwambie fundi atengeneze mtambo tu, asiusugue uso wala asibadilishe kitu kisicholazimu.

Kisha afanye jambo la pili, lililo rahisi zaidi na lisilolipiwa. Achukue kipande cha karatasi aandike: saa hii ilikuwa ya fulani, aliipata mwaka fulani, kwa njia fulani, akampa fulani. Karatasi hiyo aiweke pamoja na saa. Tumeona jinsi saa ya mfalme mkuu ilivyoingia katika mabishano kwa sababu njia yake haikujulikana, na jinsi saa ya mchezaji filamu ilivyotukuka kwa sababu kila mkono ulioishika ulitajika. Wazee wakiondoka na habari zao, vitu walivyoviacha huwa bubu.

Na aliye na saa asiyoihitaji, akamwona kijana wa kazi asiyejua ni saa ngapi, asingoje bei ipande. Ampe, amfundishe na kuitia ufunguo.